Mstari wa Kumi na Nne

Cedar Fork, nje ya Columbia,
South Carolina
11 Juni 2019

Kaka yangu Ezell,

Pokea salamu za mdogo wako Thomasina, ambaye ukimwita Tommie anaitika na ukimwita Kadogo bado ananuna, ijapokuwa ana miaka sabini na miwili. Mimi sijambo. Goti la kulia, lile walilolifungua mwaka juzi, linatabiri mvua kuliko redio, na la kushoto limeanza kulionea wivu. Presha inapanda na kushuka, lakini dawa naimeza kila asubuhi kama ulivyonihimiza. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, nyonga imekupa nafuu, na Renita amekuachia unywe kahawa yenye sukari japo kikombe kimoja.

Huku joto limewahi kuingia. Mapichi yameanza kuuzwa kando ya barabara, madogo bado, lakini matamu. Bi. Earline anaendelea kuongoza kwaya, anaendelea kupotea kwenye ubeti wa tatu, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia. Ameniagiza nikufikishie kwamba keki ya Jumapili ya Kurejea, waliohama mnaporudi kanisani kwenu, ni yake mwaka huu kama miaka yote, na mtu asithubutu kushuka kutoka Philadelphia na keki ya dukani. Nimefikisha.

Jumapili iliyopita Renita alinipigia simu. Furaha yake ilisikika kabla hajasema neno. Akaniambia kuwa jiwe la Mama limekamilika, la matale ya kijivu, lenye jina lake na miaka yake, na chini yake maneno mawili tu, Mama Yetu. Akasema umelipapasa siku nzima kama mtu aliyeletewa mjukuu. Akaniambia mwanawe Terrance atalipakia kwenye pikapu yake na mtafika Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Kurejea. Kisha akauliza, “Sasa Shangazi, tulishushie wapi? Gari litaweza kufika mpaka kaburini?” Nikamwambia simu inakatika na mkate wangu unaungua kwenye jiko. Simu haikuwa inakatika, Kaka, na mkate haukuwepo.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu wewe husikia nusu, na nusu nyingine Renita hukujazia, na haya si ya kujaziwa na Renita. Nakuomba uisome mwenyewe kwa miwani yako, ukiwa umekaa.

Sijui wewe unakumbuka nini cha ile Februari ya mwaka hamsini na tano tuliyomzika Mama. Mimi nilikuwa na miaka minane na nakumbuka zaidi viatu vya watu, kwa kuwa sikuweza kutazama juu. Nakumbuka Baba akiliweka lile jagi jeupe la Mama lenye maua ya buluu upande wa kichwani, kisha akaligonga kitako kwa mpini wa nyundo mpaka kikatoka, maana cha marehemu kisichovunjwa kitarudishwa kutumiwa na walio hai. Kando yake akaweka kombe la bahari ambalo Bibi alitoka nalo pwani. Hatukuwa na uwezo wa jiwe. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, na ulisema, bila kumtazama mtu, kwamba jagi halitoshi, utamletea jiwe. Baba akakujibu, “Basi lete.”

Miaka mingapi nimekutania juu ya hilo? Kila Krismasi nilikuuliza kama jiwe bado liko njiani, au limeshuka kituo kisicho chake. Nawe ulikuwa na kodi, na watoto, na kazi ya zamu mbili, na baadaye nyonga. Natamani ningeuma ulimi kila Krismasi ya hizo.

Sasa nije kwenye kibao cha makaburi yetu, kwa kuwa kila kitu kinatokana na kibao. Nilipostaafu ualimu nilijiunga na kamati ya vibao vya kumbukumbu ya wilaya yetu, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Unajua huku kulivyo. Mtu hawezi kusimamisha gari kubadili gurudumu bila kukuta kibao cha alumini kinachomwambia kwamba jenerali fulani alilala hapa usiku mmoja, au kwamba jaji fulani alizaliwa karibu na hapa akahama akiwa mchanga. Na watu wetu, waliofyatua matofali ya nyumba za hao majenerali na majaji, hawakuwa na kibao hata kimoja kutoka ukingo wa mji mpaka mtoni. Ili kulipia kibao chetu, kanisa likauza samaki na wali kila Jumamosi kwa majira mawili ya kuchipua. Mimi nikakaa kwenye chumba cha nyaraka mjini mpaka walinzi wakaanza kuniuliza habari za nyumbani. Nikapata majina ishirini na sita kati ya makaburi arobaini na mawili. Ombi tuliliandika kwa niaba ya familia, nikalisaini, na nawe ukasaini chini yangu, na nilikutumia karatasi kwa posta urudishe siku ile ile.

Sheria ya vibao ilikuwa kwamba kibao kisimame kando ya barabara ya jimbo, mahali ambapo gari linaweza kuegeshwa bila hatari. Makaburi yetu, unajua mwenyewe, yalikuwa ndani ya misonobari, ng'ambo ya kijito, hayafikiki kwa gari. Kwa hiyo kibao kikasimikwa kwenye kile kilima kidogo chenye nyasi kando ya barabara ya zamani, na makaburi yakabaki kule yaliko, hatua mia mbili kaskazini. Hakuna aliyeona tatizo. Sisi sote tulijua wazee wetu walikolala, na mtu anayejua mahali haoni jinsi mwingine atakavyopotea.

Mei ya mwaka elfu mbili na nne ulikuja kwenye uzinduzi. Ulivaa suti ya kahawia. Bi. Earline alivuta kitambaa kikanasa juu kwenye nembo, akavuta tena, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “Thomasina, hata shuka zako huwa hazikunjuki.” Wewe ukakichokonoa kwa fimbo mpaka kikaanguka. Tulikisoma wote kwa sauti, kama watoto wa darasa la tatu. Ulipofika mstari wa mwisho, ule wa kumi na tatu, ulivua kofia: YALITUNZWA MIAKA AROBAINI NA BW. PRINCE A. WESTON. Jina la Baba yetu, na Bwana mbele yake. Baadaye tukashuka wawili mpaka kijitoni, tukavuka kwa mawe, ukamnyooshea Mama jagi lake lililoinama, ukaliegemeza kombe vizuri, ukapangusa mikono kwa leso. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuliona kaburi lake.

Baada ya hapo kila majira ya kuchipua nilikwenda na brashi yangu ndogo na kopo la rangi kuzipaka upya herufi zilizopauka. Mabasi ya shule yalianza kusimama pale. Walimu wadogo, wengine niliwafundisha mimi, waliwasimamisha watoto kwenye kile kilima kitupu na kuwaambia wainamishe vichwa. Watu waliacha maua chini ya nguzo. Mwanzoni niliwaelekeza, nikawaambia si hapa, ni kule, vukeni kijito. Baadaye magoti yakanichosha, nikaacha. Nilijiambia maua ni maua, Mama hatachukia yakiwekwa mbali kidogo.

Miaka hii miwili umenililia nikutumie picha ya kaburi, nami nakutumia picha ya kibao. Nilikwambia kule ndani kuna majani yawashayo. Kisha nikakwambia kuna nyoka. Krismasi iliyopita nilikwambia mtoto wa Bi. Earline atanipeleka akipata nafasi, na mtoto wa Bi. Earline hajui lolote kuhusu safari hiyo. Nilikudanganya, Kaka. Nyoka hawapo. Wangekaa wapi?

Mwaka elfu mbili kumi na sita tulipata barua kutoka kwa watu wa barabara. Ilisema barabara ya zamani itaachwa na itajengwa mpya ya njia nne, kwa ajili ya zile nyumba zenye mapaa yanayofanana zinazoota huku kama uyoga. Ilisema pia kwamba makaburi ya kale ya Cedar Fork yamo kwenye orodha yao na yatahifadhiwa yote. Niliisoma kanisani. Watu wakapiga makofi, Bi. Earline akaanzisha wimbo, na mchungaji akanishukuru kwa jina mbele ya wote. Nilirudi kwenye benchi langu nimevimba kama mkate. Sikuwauliza watu wa barabara wanadhani makaburi yako wapi. Mimi niliposoma neno makaburi nilimwona Mama, na wao walipoliandika walikiona kibao.

Majira ya kuchipua yaliyofuata wakanifungua goti, nikaenda kuuguzwa Atlanta kwa Charlene wangu kwa wiki saba. Niliporudi, jambo la kwanza nilimwomba jirani anipitishe kwenye kilima nikione kibao. Tulikuta wamekizungushia wavu wa rangi ya chungwa, kilima kizima, nyasi hazikuguswa hata na buti. Msimamizi wa kazi, kijana wa Kizungu anayeitwa Kirby Shealy, alikuja mbio akivua kofia yake ngumu. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu wa kibao. Nilipokubali, akasema alikuwa akinisubiri anionyeshe mwenyewe. Mchoro wa kwanza, alisema, ulikuwa unapitisha barabara juu ya kilima hiki hiki. Lakini walipoona kibao walirudi ofisini, wakagombana na wenye ramani, wakaipinda barabara yote kwenda kaskazini. “Tumeisogeza yote, mama,” aliniambia. “Wazee wako hata vumbi halitawafikia.”

Hakuwa mtu mbaya. Nataka ujue hivyo. Macho yake yalikuwa na furaha ya kweli, na mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia barabara iliyopindwa kwa ajili ya watu wetu. Nilimwuliza kaskazini kiasi gani. Akaelekeza kidole, na pale alipoelekeza niliona mbingu, mahali ambapo tangu nizaliwe palikuwa na misonobari.

Nikaenda kwa fimbo, jirani akinishika mkono na kunisihi turudi. Kijito wamekitia ndani ya bomba la zege. Ng'ambo yake ulikuwa udongo mwekundu, umesawazishwa na kushindiliwa, laini kama meza. Ule mwerezi mkubwa wa makaburini haukuwepo, wala shina lake. Palikuwa na mwendesha greda anakula chakula chake cha mchana, karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, nikamwuliza kama walikuta chochote walipokuwa wanafyeka. Akasema hapana, bibi, jalala la zamani tu: sahani za kuvunjika, chupa, vioo vya taa, saa isiyo na mishale. Malori mawili. Akakumbuka pia jagi jeupe zuri lenye maua, alitaka kumpelekea mkewe, mpaka alipoligeuza akaona halina kitako.

Kisha akasema kuna kitu kimoja alikihifadhi, na kama napenda vitu vya kale anaweza kunipa. Akapanda kwenye greda yake na kushuka na lile kombe. Alikuwa ameliweka mbele ya kioo, kwa kuwa akilitega sikio husikia bahari. Liko kwangu sasa, dirishani jikoni, juu ya sinki. Sijawahi kulitega sikio.

Basi ndiyo hivyo, Kaka. Mama yuko chini ya barabara, yeye na wenzake arobaini na mmoja. Nilitaka uyasome maneno haya kwa mwandiko wangu kabla jiwe halijapakiwa.

Najua utakachofanya. Utapiga mkono wa kiti, utamwita Renita, na Renita atatafuta wakili. Nami ningeweza kukuacha uwakasirikie watu wa barabara mpaka tufe wote wawili. Miaka miwili nimekuwa nikijifunza kuisimulia hadithi hii kwa namna hiyo. Nimeshaijaribu hata kwa Bi. Earline. Siku moja alisema pole pole, tukikunja vitambaa vya meza, kwamba kile kibao kilipaswa kuonyesha njia ya kwenda makaburini, nami nikamjibu kwamba wale wa ofisini mjini ndio waliokata maneno hayo. Aliguna tu, akachukua kitambaa kingine.

Wale wa ofisini hawakukata. Nilikata mimi.

Maneno niliyoyapeleka yalikuwa na mistari kumi na minne, na kibao huchukua kumi na mitatu. Yule mama wa ofisi ya vibao, Bi. Annelle, mwenye sauti ya upole, alinipigia simu akasema mstari mmoja lazima uondoke. Wa kumi na tatu ulikuwa wa Baba. Wa kumi na nne ulikuwa huu: MAKABURI YAPO HATUA 200 KASKAZINI, NG'AMBO YA KIJITO. Akanishauri niuondoe wa Baba, kwa sababu msomaji anahitaji zaidi kujua mahali, na isitoshe kwenye vibao hawana kawaida ya kuandika Bwana.

Nikamwambia, mama, baba yangu alizing'arisha shaba za ngazi za jumba la serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Vijana wadogo kuliko mwanawe walimwita Prince kama mtu anavyomwita mbwa aje. Mpaka siku alipovua ile sare hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kumwita Bwana. Watumishi wa serikali hupita kwenye barabara hii kila asubuhi wakienda kwenye zile ngazi. Ondoa utakacho, nikamwambia, lakini Bwana Prince Weston habanduki.

Akakubali. Lakini akasema, tukiuondoa wa kumi na nne, mstari wa kwanza utakuwa unasema KARIBU NA HAPA bila kusema ni wapi, itapendeza zaidi tukiandika HAPA. Akaniuliza, “Kwani si ni hapo hapo, mama?” Na mimi niliyewafelisha watoto wa watu miaka thelathini na mitatu kwa kujibu bila kufikiri, nilimjibu, ndiyo, ni hapo hapo. Nilitaka tu kukata simu kabla hajabadili mawazo juu ya Bwana.

Nilimtoa Mama nikamweka Baba. Sikuliona hivyo siku ile. Naliona hivyo kila siku sasa.

Na hilo si lote. Siku ile niliposimama juu ya ule udongo mwekundu, lami ilikuwa haijamwagwa. Ulikaa wazi siku kumi na moja. Ningemwendea Kirby Shealy nikamwambia, mwanangu, mmekosea kwa sababu yangu, angesimamisha kazi. Yule kijana angesimamisha, nina hakika. Wangekuja watu wenye ujuzi wakamtafuta Mama wakamwondoa pale kwa heshima. Mara mbili nilimwomba jirani anipeleke. Mara ya kwanza nilimgeuza njiani nikasema nimesahau pochi. Mara ya pili tulifika mpaka kwenye wavu, Shealy akanipungia mkono kwa mbali akitabasamu, nami nikampungia, tukarudi nyumbani. Kumwambia kungenilazimu kueleza nani aliandika HAPA, na baada ya hapo kulieleza kanisa lililonipigia makofi. Siku ya kumi na mbili nikiwa jikoni nilisikia harufu ya lami, nikafunga dirisha.

Najuta, Ezell. Si majuto ya kusemwa kwenye maombi ya Jumatano halafu mtu akaenda kula. Ninaamka nayo. Nikiwa naosha vyombo naliona lile kombe, na nikiacha kuosha vyombo naona vyombo vichafu.

Sasa nimeandika kuomba kibao kipya. Mistari ni ile ile kumi na mitatu, hawaongezi. Safari hii mstari wa kwanza unasema kwamba makaburi arobaini na mawili yamo chini ya barabara mpya, hatua mia mbili kaskazini, na mstari wa mwisho unasema yalivyopotea: kwa kosa la walioandika kibao cha kwanza. Nimeweka “walioandika” kwa kuwa jina lako limo kwenye ombi la zamani chini ya langu, lakini kosa ni la mmoja na kama unataka niandike jina langu nitaliandika. Baba nimemtoa. Nilikaa na penseli siku nzima kabla ya kuukata ule mstari. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akienda kule kila Jumamosi na mundu wake begani, na nikajua kwamba mwaka ule angekuwepo, angeninyang'anya penseli na kumwachia Mama mahali pake. Karatasi nimeiweka humu ndani, wanahitaji saini yako pia. Kama unajua namna ya kuwaweka wote wawili kwenye mistari kumi na mitatu, niandikie. Mimi nimejaribu tangu Machi.

Jumapili ya Kurejea, kabla ya chakula, nitasimama na kuliambia kanisa. Sikuombi usimame nami. Bi. Earline nitamwambia kabla, nikiwa peke yangu naye, kwa kuwa yule anastahili kunigombeza bila watu kusikia.

Kuhusu jiwe, uamuzi ni wako. Nilikwenda Jumapili moja saa za ibada, wakati barabara inakuwa tupu, nikahesabu kama Baba alivyotufundisha: kutoka kijitoni hatua arobaini na mbili mpaka kwenye mwerezi, kisha tisa kuelekea jua linakochomoza. Kwa mdomo wa bomba badala ya kijito, na kwa kukisia mwerezi. Nimeangukia kwenye njia ya kushoto ya wanaokwenda mjini, kwenye mstari mweupe wa tatu. Pale hakuna jiwe litakalokaa. Lakini nje ya chuma cha pembeni kuna ukanda wa nyasi, na mtu akisimama hapo anapaona. Sijamwuliza yeyote kama inaruhusiwa. Niliona kwamba kujibu mambo haya peke yangu mara moja kulitosha.

Ukiamua kutokuja, nitakuelewa. Hapana, sitakuelewa, lakini sitasema kitu, na picha za keki nitakutumia.

Nisalimie Renita na umwambie asinipigie kwanza, aache wewe uandike. Nisalimie Terrance, na yule jirani yako wa ghorofa ya chini anayekushinda drafti. Bi. Earline anakusalimu bila kujua ninachokuandikia. Uvae soksi hata kama ni kiangazi, na usipande kwenye pikapu kuangalia jiwe lilivyofungwa, mwachie kijana.

Na kama mtakuja, mtatokea upande wa mashariki. Barabara ni pana na nzuri, na kila mtu hukimbilia njia ya kushoto kwa kuwa ndiyo ya kasi. Mwambie Terrance, akishaona bomba la kijito, ahamie njia ya kulia na akae huko huko mpaka kwenye kibao. Mimi hufanya hivyo kila ninapopelekwa mjini. Wengine wamelala chini ya njia zote na siwezi kuwakwepa, lakini Mama naweza. Watawapigia honi. Waacheni wapige.

Mdogo wako akupendaye,
Thomasina